Muyonza badala ya nyasi: yaliyonikuta kwenye mteremko wa mawe, Luchelele, Mwanza

Kama unataka mbele ya nyumba pawe kijani kabla ya Krismasi, usipande muyonza, kichaka cha kienyeji chenye miiba na vitunda vyeusi. Mwaka wa kwanza utafanana na vijiti vilivyochomekwa ardhini, na mwaka wa pili wageni watakuuliza kwa adabu utafyeka lini. Nayasema haya mapema kwa sababu siku hizi watu wanapita kwetu, wanaona mteremko umefunikwa, wanaondoka wakiamini kazi ni kurusha mbegu chini na kungoja mvua. Haikuwa hivyo.

Kiwanja chetu kiko upande wa kilima unaotazama ziwa, magharibi. Anayeijua Mwanza anaelewa maana yake. Miamba ya matale imejipanga ovyo, na katikati yake kuna changarawe na ule udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, unaopitisha maji bila kuyashika. Jua la mchana linapiga moja kwa moja, na jua likishazama mwamba unaendelea kutoa joto hadi usiku. Masika ya Machi mpaka Mei yanateremka na udongo. Kuanzia Juni hadi Septemba hupati mvua ya maana. Tulipohamia, msingi wa ukuta wa chini ulikuwa umeshaanza kuonekana, kwa kuwa udongo uliokuwa umeufunika ulikwenda na maji.

Tulianza na nyasi kama kila mtu. Fundi wa bustani alileta ukoka, samadi, na lori dogo la udongo mweusi wa mbugani wa kumwaga juu ya changarawe. Tulilipia nyasi, tukalipia lori, tukalipia vibarua, kisha ikaja ankara ya maji. Ziwa tunaliona kutoka barazani, lakini maji ya kupanda kilimani yanalipiwa kwa uniti, yanakuja kwa mgao, na yakija presha ni ndogo. Tukaanza kununua ya boza. Kufikia Agosti maji ya nyasi peke yake yalikuwa yanakula fedha kuliko umeme na gesi kwa pamoja, na bado nyasi zilikuwa zinakauka, kwanza zile zilizo karibu na miamba. Udongo mweusi nao ulipokauka ulipasuka vipande. Mvua kubwa ya kwanza ya vuli ikaubeba hadi mtaroni. Sina lawama na fundi, alifanya alichoagizwa. Ila mteremko wa kichanga haushikwi na udongo wa kumwagiwa juu, unashikwa na mizizi.

Kwenye kiwanja kisichojengwa juu yetu kulikuwa na vichaka ambavyo nilikuwa nikivipita bila kuvitazama. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kihaya, ndiye aliyenifanya nivitazame. Nilimkuta anachuma vitunda vyeusi, anavitia kwenye kikombe cha plastiki.

"Shikamoo bibi. Hivyo vinaliwa?"

"Marahaba, baba. Muyonza huu. Nyie mmeishi na mti huu hapa miaka yote, hamuujui?"

Kilichonivuta si tunda. Ulikuwa mwezi wa tisa, kila kitu kilimani kimekuwa rangi ya vumbi, na kichaka kile kilikuwa kijani kibichi, kimeshika kwenye ufa wa mwamba, na udongo chini yake ulikuwa haujasogea.

Vitabu vya miti vya Tanzania vinauandika mtanda-mboo. Waluo wanauita ochuoga. Jina lake la kitaalamu ni Carissa spinarum, na kwenye vitabu vya zamani utaukuta kama Carissa edulis. Mimi nimebaki na jina la bibi. Majani yake yanakaa mawilimawili, ni magumu na yanameta. Maua ni meupe yenye wekundu kwa nje, na jioni yananukia kama yasmini. Tunda ni dogo, linaanza kijani, linakuwa jekundu, kisha zambarau iliyoiva hadi kuonekana nyeusi. Ukikata tawi linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Miiba yake imenyooka, mirefu, mingine inafika sentimita tano. Nitairudia hiyo miiba, maana ndiyo iliyonigombanisha na mtaa mzima.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kwa asili yake si mmea wa kutambaa. Ukiuacha chini ya mti mkubwa utapanda juu kutafuta mwanga na kuwa kichaka cha kupita kimo cha mtu. Kwenye jua kali, udongo mwembamba, na mkasi unaopita kwa wakati wake, ndipo unapobaki chini na kutanua matawi pembeni. Kwa hiyo anayesema "panda usahau" hajawahi kuupanda.

Kabla sijafika kwenye miche nisimame kidogo, maana hili ni la roho za watu. Upo mti wa ukoo huohuo unaoitwa msunguti. Mbao na mizizi yake ndiyo iliyokuwa ikichemshwa kutengeneza sumu ya mishale Afrika Mashariki, na sumu hiyo inashika moyo. Majani yake yanameta na yanakaa mawilimawili, maua ni meupe yenye wekundu na yananukia, tunda linaiva kuwa zambarau, utomvu ni mweupe. Ukiwa na haraka utasema ni ndugu mapacha. Alama ya kushika ni miiba: muyonza unayo, msunguti hauna hata mmoja. Shida ni kwamba mche mchanga sana wa muyonza nao huenda usiwe umetoa miiba bado, kwa hiyo kuangalia mche sokoni hakutoshi. Chukua mbegu au tawi kwenye kichaka kikubwa ulichokiona mwenyewe kina miiba na watu wazima wa hapo wanakula matunda yake. Kwenye hili nisingemwamini muuzaji hata angeapa.

Sasa miche. Njia ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa ya mkato: vijana wawili wenye sururu wakachimba vichaka vidogo kwenye kiwanja cha jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe. (Ukitaka kuchimba mahali usipopamiliki, omba. Msitu wa hifadhi una wasimamizi wake, kama TFS, wakala wa misitu wa serikali, na ukingo wa ziwa una sheria: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini.) Vichaka vile vilikuwa na mzizi mmoja mrefu ulioingia kati ya mawe, na sururu iliukata karibu vyote. Tulivipanda, tukavimwagilia, tukaviwekea kivuli cha magunia. Vikapukutisha majani na kukauka kimoja baada ya kingine. Vijana nimeshawalipa, sururu imevunjika mpini, na kilima cha jirani kimebaki na mashimo ambayo ilibidi nirudi kuyafukia.

Njia ya pili ilikuwa kununua. Kitalu kimoja cha barabarani kilikuwa na miche iliyoitwa ya kienyeji, shilingi elfu tatu mmoja. Ilikua vizuri kuliko yote, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Ilipotoa maua makubwa na tunda jekundu lenye ukubwa wa plamu, ikajulikana ni jamaa wa Afrika Kusini na Msumbiji, Carissa macrocarpa, ambaye anapandwa nchi nyingi kama ua na kama kifuniko cha ardhi. Kuna hata aina zake zilizochaguliwa kwa ufupi wake. Tunda lake linaliwa na sijaung'oa, upo kwenye kona. Lakini kiangazi kilipofika mti huo ulionyesha kiu mapema, na kilichonipeleka kwenye kazi hii yote ilikuwa kukimbia maji ya boza.

Kilichofanikiwa ni mbegu na kulaza matawi.

Mbegu za muyonza hazikai. Zile tulizoziweka kwenye bahasha kungojea vuli ziliota chache mno. Zilizopandwa wiki ileile tunda lilipoiva ziliota vizuri. Chuma matunda meusi kabisa, yasugue kwenye chujio pamoja na mchanga na maji mpaka nyama itoke, anika mbegu kivulini kwa muda mfupi, zipande juujuu kwenye viriba vyenye mchanga na majani yaliyooza. Zikishaota, subira. Mche utakaa na majani machache kana kwamba umekasirika. Chini unatafuta mzizi. Wakati huo usiumwagilie kila siku. Mama watoto aliihurumia miche ya kwanza, akaimwagilia asubuhi na jioni, ikaoza shina.

Kulaza ni rahisi zaidi. Tafuta tawi la chini linalofika ardhini, likwaruze ganda kidogo upande wa chini, lilaze kwenye kijitaro kifupi, lifunike udongo, weka jiwe juu. Mawe hapa hayanunuliwi. Acha mvua ya msimu mmoja ipite, kisha likate kutoka kwa mama yake. Ipo pia mbinu inayotumika kwa yule jamaa wa Afrika Kusini: unakata ncha ya tawi changa nusu tu, unaliacha limeshikamana na mama kwa miezi miwili hivi, ndipo unalitenganisha na kulichomeka kwenye mchanga. Nasi tuliijaribu, ikashika kwa machache. Kulaza kumetupa miche mingi zaidi.

Ila usitoe miche yote kwa mama mmoja. Matawi ya mama mmoja ni mmea uleule uliorudiwa mara nyingi, na huyo jamaa wa kusini anajulikana kwa kukataa kuzaa kama uchavushaji haukutosha. Nilichanganya: matawi kutoka kwenye vichaka tofauti vya kilima chetu, na mbegu za kichaka kingine cha upande wa Nyegezi. Sijui kama ndiyo sababu ya matunda tunayopata, lakini sitaki kuujaribu upande wa pili.

Muda wa kupanda Mwanza ni mvua za vuli zikishalowesha ardhi, Oktoba mwishoni au Novemba. Ukipanda hapo, mche unapata vuli, unavumilia kile kiangazi kifupi cha Januari na Februari, unapata masika, halafu unaingia Juni ukiwa na mzizi. Ukipanda Aprili kwa sababu ardhi imelowa, unaupa wiki chache tu kabla ya ukame wa miezi minne.

Nafasi tuliyotumia ni mita moja kati ya shina na shina, kwa pembetatu siyo kwa mistari, ili maji yasipate njia ya kuteremka moja kwa moja. Kila shimo lina kijiukuta cha mawe cha nusu mwezi upande wa chini. Mwamba mkubwa ni paa: mvua ndogo ikiupiga, maji yote yanaishia miguuni pake. Miche iliyopandwa hapo kwenye upande wa mashariki wa mwamba ndiyo iliyowahi kuliko yote. Iliyopandwa upande wa magharibi, mahali jua la saa tisa linapochoma jiwe na jiwe linachoma mche, ilibidi tuirudie kwa kuisogeza mbali na mwamba, kiasi cha hatua moja.

Samadi tuliweka kidogo sana, na sehemu moja tuliyozidisha tulijionea: machipukizi marefu yaliyonyooka juu, majani mengi, maua hakuna. Matandazo ya nyasi kavu nayo yalileta mchwa, wakaanza na nyasi wakamalizia na maganda ya miche. Tukaondoa nyasi, tukatandaza kokoto. Akina mama wanaoponda kokoto kwenye vilima vya mji huu wanauza kwa ndoo, na ndoo chache zinatosha kuzunguka shina. Kokoto inazuia jua lisinyonye unyevu na mchwa hawana cha kula.

Nafasi kati ya miche itakaa wazi miaka miwili, na mteremko haungojei. Tulipanda viazi vitamu upande mmoja, kwa kuwa matembele yanaliwa na majani yanafunika haraka. Yalifunika kweli, yakaifunika na miche, na kuvuna viazi ni kufukua udongo uleule unaotaka utulie. Kunde zilifaa zaidi. Zinafunika, zinaliwa, na zikiisha unazikata juu unaiacha mizizi ardhini.

Mbuzi wanakula machipukizi ya muyonza bila kujali miiba, hasa kiangazi, wakati hakuna kingine. Mtaani kwetu mbuzi hawana mchungaji wala saa. Tulilazimika kuweka wavu kwa msimu wa kwanza, na hilo ndilo lililokuwa gharama kubwa kuliko yote baada ya nyasi zile. Baadaye matawi ya kupogolea yenye miiba tukayazungushia miche mipya, wavu tukauhamishia bustani ya mchicha.

Kupogoa. Maua ya muyonza yanatoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukikata wakati wowote unaopenda utakuwa unakata matunda. Mimi nakata mara tu matunda yakiisha, na kipande kimoja kwa zamu badala ya mteremko wote, ndege nao wana chao. Kimo ninachokishikilia ni kama goti. Kila chipukizi linalosimama wima linaondoka, lile linalolala linaachwa, na linalogusa ardhi linawekewa jiwe lishike mizizi. Vaa glavu ngumu, viatu vya kufunika, na miwani kama unayo, utomvu usiingie machoni. Usiache hata kijiti kimoja njiani. Mwiba uliokauka ni mbaya kuliko mbichi, unapita kwenye kandambili na kwenye tairi la bodaboda. Dereva mmoja alisimama getini akanionyesha tairi lake bila kusema neno, nikatoa hela ya kiraka.

Mipira ndiyo ilileta kesi. Watoto wa mtaa wanacheza uwanja wa juu yetu, na kila mpira uliovuka ulishukia kwenye muyonza. Wakafikiri nimepanda kwa makusudi. Baba mmoja alikuja jioni kuniuliza kama ninawachukia watoto, na sikuwa na jibu zuri, kwa sababu safu ya juu niliipanda mpakani kabisa bila kuwauliza wanaopatumia pale. Siku chache baadaye mtoto aliyefuata mpira alichomwa mguuni, tukamwosha, tukampeleka zahanati kwa chanjo ya pepopunda. Safu ile tuliing'oa, kazi ngumu kuliko kuipanda, tukaacha nafasi ya hatua mbili na kuweka mawe. Njia ya mguu, mlango, mahali pa kuchezea, sehemu ya kuegesha gari: kote huko acha nafasi tangu mwanzo.

Wa pili kulalamika walikuwa wanaoogopa nyoka. Usukumani, ambako kuna bayeye, watu wenye ngoma yao ya kucheza na nyoka, ungedhani hofu hiyo imepungua, lakini hakuna mgeni ambaye hajaniuliza. Hofu yenyewe ina msingi. Kifuniko chochote kizito kinaweza kuficha nyoka na panya anaowafuata. Tumeacha ukanda wa kokoto tupu kati ya kichaka na ukuta wa nyumba, taka za chakula hazitupwi huko, na tochi inakaa mlangoni. Bustani ya nyasi isingehitaji hayo, ni kweli.

Matunda yalianza kuonekana mwaka wa tatu, kidogo, kisha zaidi. Ukila tunda lisiloiva utajua mwenyewe, lina utomvu na uchungu unaoshika midomo. Watoto wamefundishwa nyeusi tu, na kumwonyesha mtu mzima kwanza. Lililoiva ni tamu lenye ukali kidogo. Shorewanda wanawahi kabla yetu asubuhi. Bibi anakuja na kikombe chake, mama watoto anapika jamu kidogo kwa sukari ileile anayotumia kwa ukwaju, na madoa ya zambarau kwenye sare za shule ni suala ambalo hatujalipatia dawa. Sijauza hata kilo moja na sidhani kama ni biashara, kuchuma kati ya miiba kunakula muda.

Maji ya boza tumeacha kununua kwa ajili ya mteremko. Miche mipya tu ndiyo inapata maji yaliyofulia nguo, ndoo moja kwa mashina kadhaa, kiangazi chake cha kwanza, basi. Msingi wa ukuta wa chini umefunikwa tena, siyo kwa udongo wa lori, ni ule unaoshuka toka juu na kukamatwa na matawi yaliyolala.

Sehemu moja imenishinda. Kona ya chini kabisa, karibu na shimo la maji ya jikoni, ardhi haikauki, na kila muyonza uliopandwa pale uligeuka manjano ukafa. Nimeacha kushindana nayo. Nimeweka migomba mitatu na ukoka uliosalia kutoka kwenye bustani ya kwanza, na pale, kwa maji ya bure, nyasi zimestawi.